Nyumba Iliyoshuka kutoka Masisi

Mama Perpétue alizaliwa ndani ya nyumba anayoishi leo, ingawa alizaliwa Masisi na leo anaishi Lac Vert, pembeni mwa mji wa Goma. Wanaomsikia akisema hivyo kwa mara ya kwanza hudhani amekosea. Hajakosea. Ni nyumba iliyohama.

Baba yake, muzee Zéphirin, alikuwa mfugaji wa ng'ombe, lakini ujanani alifanya kazi kwenye misheni, na huko ndiko alikojifunza useremala. Alipokaribia kuoa, alijenga nyumba yake mlimani kwa namna aliyoiona kwa mapadri. Hakuchimbia miti ardhini kama majirani walivyofanya. Alipanga kwanza mawe makubwa, na juu ya mawe akalaza miti minene ya libuyu, mti mgumu wa msituni, imeshikana kwenye pembe zote. Juu ya miti hiyo iliyolala ndipo akasimamisha nguzo. Mwisho wa kila nguzo aliuchonga ukawa mwembamba kama ulimi, ulimi ukaingia ndani ya tundu alilolitoboa kwenye mti wa chini, kisha akapiga kigingi cha mti mgumu kupita katikati. Kati ya nguzo na nguzo akatia miti ya kukingama, ili upepo wa mlimani usiisukume nyumba. Mbao za ukuta zilikuja mwisho, akazipigilia misumari kwa nje.

"Mbao ni nguo," alikuwa akiwaambia watoto wake. "Nguo ikichanika, unabadilisha. Mwili ni hizi nguzo."

Perpétue alikulia humo. Anakumbuka vibuyu vya maziwa vilivyotundikwa ukutani, na jinsi nyumba ilivyokuwa ikilia asubuhi jua linapoanza kupasha mbao, kama mtu mzima anayejinyoosha viungo. Wageni walishtuka. Wenyewe hawakusikia tena.

Vita vya kwanza vilipofika kilimani kwao, alikuwa msichana mkubwa. Walitelemka Goma na walichoweza kubeba, wakapanga chumba kimoja Ndosho, familia nzima. Baada ya muda kulikuwa na utulivu kidogo, na muzee Zéphirin akapanda kwenda kuangalia. Ng'ombe hawakuwepo. Manjanja ya paa, yaani mabati, yalikuwa yamechukuliwa yote, na mlango pia. Lakini nyumba ilikuwa imesimama, uchi juu, mvua ikiingia ndani.

Majirani waliobaki walidhani amekuja kukaa. Yeye alitoa nyundo mfukoni akaanza kung'oa vigingi.

Alifanya kazi ile pamoja na ndugu zake wawili. Kila kipande walikitia alama kwa kisu, ili kila ulimi urudi kwenye tundu lake. Dereva mmoja aliyekuwa akipeleka makabichi mjini alikubali kupakia mbao chini na makabichi juu. Perpétue alikuwepo barabarani gari lilipoingia. Anasema alimwona mama yake, Nyirarukundo, ambaye alikuwa amepanda kwenda kusaidia, amekaa juu ya mzigo ule na kitambaa chake kichwani, ametulia kabisa, kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Kiwanja walichopata Lac Vert kilikuwa jiwe tupu la volkano. Pale jembe halina kazi. Ukitaka kuchimbia nguzo utavunja mikono bure. Lakini nyumba ya Zéphirin haikuhitaji shimo. Ilihitaji mawe, na mawe yalikuwa kila mahali. Wakasawazisha, wakapanga, wakalaza miti ya chini, wakasimamisha nguzo, na nyumba ikakaa kwenye jiwe jeusi kama ilivyokuwa imekaa kwenye majani ya Masisi. Jioni ile muzee alikaa barazani mpaka alipoitwa kula.

Perpétue aliolewa, akazaa mtoto mmoja, Bienvenu, akafiwa na mume mapema. Akarudi kwa wazazi. Akaanza kuuza mbao kwenye depo moja Ndosho, pamoja na wanawake wengine wanaobeba mbao mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Aliwauguza wazazi wake, mmoja baada ya mwingine, akawazika, na nyumba ikabaki mikononi mwake.

Sisi majirani tulimwona kila kiangazi, Juni ikiingia, anazunguka nyumba na ndoo ya vidange, yale mafuta machafu ya injini, anapaka mbao za chini ili mchwa asizisogelee. Mikono ilikuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko. Hakuacha udongo wala majani yarundikane karibu na mawe, maana mti unaogusa unyevu hauishi. Mvua ya hapa, ikichanganyika na moshi wa volkano ya Nyiragongo, inakula manjanja haraka, kwa hiyo kila mara alikuwa na bati moja la kubadilisha. Wengine walimcheka kidogo. Mitaa yote ilikuwa inajaa nyumba za bloki za simenti, yeye anaosha mbao kama anayemwogesha mtoto.

Mwaka volkano ilipotema moto mara ya mwisho, ardhi ilitetemeka siku nyingi mfululizo. Nyumba za bloki zilipasuka. Nyingine unaweza kupitisha mkono kwenye ufa. Nyumba ya Mama Perpétue ililia, ikayumba, ikarudi. Kitu kimoja tu kilitokea: kona ya nyuma ilisogea kidogo juu ya jiwe lake, na tangu hapo maji ya mvua yakapata njia ya kufika kwenye mti wa chini. Kwa nje hukuweza kuona chochote.

Halafu ikaja ile Januari ya vita ambayo kila mtu wa Goma anaikumbuka.

Kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa pande zetu zote. Mabomu yalipoanza kuanguka karibu na barabara ya Sake, Mama Perpétue alifunga mlango, akabeba beseni la nguo, akaenda kwa mwanawe Bienvenu, anayeishi Ndosho na mke wake na anatengeneza simu. Alikaa huko wiki kadhaa. Habari zilizomfikia hazikuwa nzuri. Watu walikuwa na njaa na baridi, makaa hayapatikani, kila kilicho cha mti kilikuwa kinaishia chini ya sufuria. Mtu mmoja alimwambia ameona ukuta wake wa nyuma haupo.

Bienvenu alimngojea mama yake amalize chakula ndipo akasema.

"Mama, ile nyumba imechoka. Ilifanya kazi yake. Twende tuuze mbao zilizobaki, na mimi nitakujengea ya bloki, hata kama ni chumba kimoja kwanza. Sitaki siku moja ikuangukie."

Alisema kwa upendo, na mama yake alijua. Akaitikia kwa kichwa. Baadaye alinieleza kwamba siku ile alijisikia kama mtu anayetia sahihi kifo cha mtu wa familia, lakini hakuwa na nguvu ya kubishana.

Walichukua pikipiki, kila mmoja yake, wakaenda mpaka Lac Vert. Jiko la nje halikuwepo kabisa. Palibaki mawe matatu na majivu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umevuliwa mbao zote, unaona ndani mpaka mlango wa mbele. Moshi ulikuwa unatoka. Kabla hawajafika barazani, mwanamke kijana alitoka na mtoto mgongoni, akasimama kwenye ngazi, kama anayezuia mlango. Alipomwona Mama Perpétue anaangalia nguzo na si yeye, alielewa.

"Ni wewe mwenye nyumba," alisema.

"Ni mimi."

"Mimi naitwa Joviale. Tulikimbia mabomu kule kambini. Tuliingia hapa bila ruhusa, mama. Hakukuwa mutu wa kuomba." Akampandisha mtoto mgongoni. "Jiko, ni sisi tulichoma. Na zile mbao za nyuma, nyingi ni sisi pia. Sitakudanganya. Watoto walikuwa wanatetemeka."

Bienvenu alifungua kinywa. Mama yake alimshika mkono, akapita, akaingia ndani.

Alianza kwenye kona ya kulia. Aliweka kiganja kwenye nguzo ya kwanza, akasukuma. Akaenda ya pili. Alizunguka nyumba yote hivyo, nguzo kwa nguzo, na miti ya kukingama, na miti ya juu inayobeba paa. Kwenye nguzo mbili aliona alama za shoka, mbichi, zimeingia kidogo tu. Hakuna hata moja iliyokosekana.

"Hizi alama ni za nani?" aliuliza.

Aliyejibu ni mume wa Joviale, Kataliko, mwanaume mrefu aliyekuwa amesimama nyuma na kofia mkononi. Zamani alikuwa msaidizi wa dereva kwenye malori. "Walikuja wanaume na mashoka, mama. Walisema mbao zimekwisha, sasa tukate nguzo. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimeenda kutafuta maji. Ni yeye alikuwa hapa."

"Nilikaa chini ya hii nguzo na watoto," Joviale alisema. "Niliwaambia, mukikata, paa inaanguka juu yetu, basi mukate. Walipiga ku zile zingine mbili kwa kututisha, halafu wakaenda. Walirudi tena, nikakaa tena."

"Kwa nini hukuwaacha? Nyumba si yako."

Joviale aliinama. Alipitisha kidole pale ulimi wa nguzo unapoingia kwenye mti wa chini, mahali ambapo hata leo wembe haupiti. "Mutu alisumbuka hapa," alisema. "Mbao unaweza kununua. Hii, nani atakufanyia?"

Mama Perpétue alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya mbao, akalia. Kisha akacheka huku analia, na mtoto wa Joviale akamwangalia kwa mshangao. "Aksanti," alisema. "Aksanti, binti yangu. Aksanti sana."

Bienvenu hakuweza kuvumilia. Alimvuta mama yake barazani. "Mama, unashukuru watu waliochoma nyumba yako?"

"Wamechoma nguo," alimjibu. "Mwili wameniachia. Babu yako angewapa ng'ombe."

Hakuuza kitu siku ile. Na kesho yake, badala ya kumtafuta mnunuzi, alimtafuta fundi Viateur, seremala aliyekuwa akinunua mbao kwake miaka mingi. Viateur alikuja, akalala kifudifudi nje ya kona ya nyuma, akachoma mti wa chini kwa bisibisi. Bisibisi ikazama mpaka mpini.

"Hapa umeoza, Mama Perpétue," alisema. "Kipande kama urefu wa kitanda. Kwingine kote ni mzima. Naweza kukujengea bloki kama mtoto anavyotaka, haitaniudhi. Lakini ukiniuliza mimi, tukate pale palipooza tu, tuunge mti mpya. Shida ni moja: lazima tuinue nyumba."

"Ikiinuliwa itavunjika," Bienvenu alisema.

"Nyumba ya bloki itavunjika. Hii imewahi kupanda lori."

Kataliko alisema kwamba jeki za lori anazijua vizuri, na kwenye gereji moja Ndosho bado wanamkumbuka. Akarudi jioni na jeki mbili juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, anasukuma huku jasho linamtoka. Mbao zilikuja kwa njia ambayo Mama Perpétue mwenyewe hakuitarajia. Alikuwa ameenda depo kuwaeleza wenzake kwa nini hatafanya kazi siku chache. Asubuhi iliyofuata aliona mstari wa wanawake unatelemka kutoka barabarani, kila mmoja na ubao wake mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Mmoja alileta mkaratusi, mwingine grevilea, mwingine kipande cha muvula kizito chekundu alichokuwa ameficha tangu kabla ya vita. Waliziweka barazani, wakanywa maji, wakarudi kazini. Alipotaka kuwauliza habari ya malipo, mkubwa wao alimwambia, "Wee nyamaza. Wewe ulitubebea mbao ngapi tulipokuwa na mimba."

Siku ya kuinua, Viateur alitoa watu wote nje, akafunga nguzo za kona kwa kamba na miti ya kushikilia. Akaweka jeki moja chini ya kona, Kataliko akashika nyingine. Bienvenu alisimama pembeni, mikono mfukoni, uso wake umekauka.

"Polepole," Viateur alisema. "Nikisema simama, simama."

Walipoipa jeki mzunguko wa kwanza, hakuna kilichotokea. Mara ya pili nyumba ililia, sauti ndefu kutoka chini mpaka paani, na mlango wa mbele ukafunguka wenyewe. Joviale alishika kinywa.

"Simama," Viateur alisema. Akasikiliza. Akagonga nguzo kwa kifundo cha kidole. "Iko inazoea. Endelea."

Kona ilipanda kidogo kidogo mpaka mwanga ukaonekana kati ya mti na jiwe. Walitoa kigingi cha zamani, kisha Viateur akakata sehemu iliyooza, ikatoka vipande vipande kama mkate uliolowa. Mti mpya wa muvula aliuchonga uulalie ule wa zamani, mmoja juu ya mwingine, mahali pa kuunga parefu ili uzito usielemee sehemu moja. Jiwe la kona walilirudisha mahali pake na kulipa mteremko, maji yasilale tena. Palibaki kushusha nguzo ili ulimi uingie kwenye tundu jipya.

Ulikataa. Ulikuwa umepinda kidogo kwa kukaa muda mrefu umeinama. Viateur alihitaji mtu wa kuisukuma nguzo kutoka ndani wakati yeye anaongoza chini, na Kataliko alikuwa kwenye jeki. Bienvenu alitoa mikono mfukoni. Aliingia, akaweka bega kwenye nguzo, akasukuma. Viateur alimwelekeza, huku, rudi, huku tena, na ghafla nguzo ikashuka kwa mlio mmoja mfupi, ikatulia. Viateur alimpa nyundo na kile kigingi cha zamani.

Bienvenu alikigeuza mkononi kabla ya kukipiga. "Hiki hakijaoza hata kidogo," alisema.

"Babu yako alikikausha juu ya moto wa jiko, muda mrefu," mama yake alimwambia kutoka nje. "Tulikuwa tunakatazwa kuvichezea."

Alikipiga mpaka kikakaa. Kuhusu bloki hakuzungumza tena siku ile. Lakini ni mtu asiyependa kushindwa kabisa, kwa hiyo mwezi uliofuata alileta simenti akajenga choo cha bloki nyuma ya kiwanja, kizuri, kimenyooka, na mama yake akakisifu mbele ya watu.

Ukuta wa nyuma leo una rangi nyingi, kwa sababu kila mwanamke wa depo alileta mti wake. Viateur alitaka kuupaka rangi moja ufanane. Mama Perpétue alikataa. Anapopita anagusa ubao huu, anataja jina. Ubao ule, jina jingine.

Kazi ilipoisha alipika maharage na viazi, akatafuta sambaza, wale dagaa wa ziwani, akaita kila aliyeshika kitu. Tulikula barazani na wengine kwenye mawe. Katekista aliomba, kisha Mama Perpétue akasimama. Si mtu wa hotuba. Alimshukuru Viateur, akamshukuru Kataliko kwa jeki, akawashukuru wanawake wa depo, akamshukuru mwanawe kwa bega lake. Halafu akamtafuta Joviale kwa macho. Joviale alikuwa amejificha kwenye mlango.

"Huyu alikaa chini ya nguzo," alisema. "Mimi nilikimbia, yeye alikaa. Nilikuwa nakuja kuiuza. Nilikuta mutu anailinda kuliko mimi."

Joviale alifunika uso kwa kitenge. "Mama, nilikuwa sina pengine pa kwenda," alisema.

"Najua. Hata hivyo."

Hakuna aliyewaambia Joviale na mumewe waondoke, na wao hawakuuliza. Mahali pa jiko la zamani Kataliko alisimamisha jiko jipya la mabanzi, na upande wake chumba kidogo kwa familia yake mpaka barabara ya kwao itakapokuwa salama. Kataliko amepata kazi ya kupakia kwenye malori. Joviale anabeba mbao depo pamoja na Mama Perpétue, na wanarudi pamoja jioni kwa miguu, wanaongea Kihunde, lugha ya Masisi, wanacheka mambo ambayo sisi wengine hatuyaelewi. Juni ilipofika walipaka vidange wote wawili, kila mmoja upande wake, na watoto wakapigwa marufuku kugusa ukuta.

Mvua ya kwanza ya Septemba ilikuja mchana, kubwa, na mawe madogo ya barafu. Mimi nilikuwa napita, nikakimbilia barazani kwake. Ndani watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka. Mama Perpétue alikuwa anazunguka na mkono ukutani, anapapasa chini kwenye kona ya nyuma, anaangalia kidole kama kimelowa. Kilikuwa kikavu. Akaendelea mpaka chumba cha mbele, na hapo tukasikia tone likianguka, tok, tok, kutoka kwenye tundu jipya la manjanja.

"Voilà, hilo hapo," alisema, akacheka. Akaleta beseni, akaliweka chini ya tone, akakaa kwenye kiti karibu nalo. "Kesho nitamwita Viateur. Leo tuache inyeshe tu. Kaa chini, baba, usisimame hivyo, chai iko inachemka."